Skeli za Maina kwa Anayeanza: Kutoka Solfa ya Kwaya hadi Kinanda na Gitaa

Mwanakwaya wa Kisumu, Nakuru au Kakamega aliyelelewa kwa solfa huwa tayari anaijua skeli (ngazi ya noti) ya maina, yaani minor kwa Kiingereza, ila hajawahi kuonyeshwa kwamba anaijua. Imba d r m f s l t d kama kawaida. Sasa anzia l ya chini na upande hadi l ya juu: l t d r m f s l. Rudia mara mbili tatu, na kila ukifika l ya mwisho tulia hapo kana kwamba wimbo umeisha. Hiyo ndiyo maina. Noti ni zilezile, kilichobadilika ni mahali unapopumzikia.

Mwongozo huu unafuata njia hiyo: sauti kwanza, kisha kinanda na gitaa, kisha karatasi. Wanaoanza na karatasi mara nyingi hukariri skeli 12 bila kuisikia hata moja. Afadhali skeli tatu zilizoingia vidoleni na sikioni, yaani A maina, E maina na D maina. Hizo tatu pia ndizo maina za kwanza kuulizwa katika mtihani wa nadharia wa ABRSM (bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza), daraja la 2, kwa hiyo hata mwenye nia ya mtihani hapotezi muda.

Unahitaji kinanda cha aina yoyote (cha vibonye 61, kilichozoeleka makanisani, kinatosha kabisa) au gitaa lililopigwa tuni vizuri. Ukikosa vyote, programu ya bure ya piano kwenye simu itafaa kwa kujifunza hesabu, ingawa haitakufunza vidole.

Maneno unayoyahitaji, na hesabu inayowakwaza wengi

Noti ni sauti yenye kimo maalumu. Majina ni saba, A B C D E F G, kisha yanarudi mwanzo. Kutoka noti moja hadi nyingine yenye jina lilelile juu yake ni oktavu. Kwenye kinanda, tafuta kundi la vibonye viwili vyeusi. Cheupe kinachopakana na kundi hilo upande wa kushoto ni C. Kutoka hapo unahesabu vyeupe kwenda kulia: D, E, F, G, A, B.

Nusu toni ni umbali mfupi kuliko wote: kutoka kibonye kimoja hadi kinachokifuata mara moja, kiwe cheusi au cheupe. Kwenye gitaa ni freti moja. Nusu toni mbili ni toni. Shapu (#) inapandisha noti kwa nusu toni, flati (b) inaishusha kwa nusu toni, na alama ya naturali inaondoa shapu au flati. Kibonye cheusi kati ya F na G kinaweza kuitwa F# au Gb. Jina sahihi hutegemea skeli uliyomo, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana.

Kati ya E na F hakuna kibonye cheusi, wala kati ya B na C. Hapo umbali ni nusu toni tayari. Kwa solfa ya kii ya C ndiyo m–f na t–d. Anayesahau sehemu hizi mbili atakosea kila skeli atakayoijenga.

Kosa la pili ni la kuhesabu. Ukipima nusu toni, hesabu hatua na si vibonye: C yenyewe ni sifuri, C# ni 1, D ni 2. Mwanafunzi anayeanza kusema "moja" akiwa bado juu ya C atapata jibu lililozidi kwa moja kila mara. Lakini ukitaja umbali kwa majina ya noti, desturi inageuka: noti ya kwanza nayo huhesabiwa. C hadi E ni umbali wa tatu (C, D, E) ingawa ni nusu toni 4. Hesabu hizi mbili zinaishi pamoja na hazitapatana. Zizoee hivyo zilivyo.

Kii ni skeli ambayo wimbo umekaa juu yake, na noti yake ya kwanza ndiyo msingi. Kordi ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Kwa sasa hayo yanatosha.

Meja kwa ufupi, kisha maina asilia

Meja (major), yaani d r m f s l t d ya kawaida, hupanda kwa mpangilio huu wa nusu toni: 2 2 1 2 2 2 1. Jaribu kutoka G: G A B C D E F# G. Kama umepata F# mwenyewe bila kuchungulia, endelea.

Maina asilia hupanda hivi: 2 1 2 2 1 2 2. Kuijenga kwenye daftari:

1. Andika herufi nane mfululizo kuanzia noti ya msingi, bila kuruka wala kurudia yoyote. Kwa E: E F G A B C D E.
2. Pima kila umbali ukilinganisha na mpangilio. E hadi F ni 1, lakini mpangilio unataka 2. Kwa hiyo F inakuwa F#.
3. Endelea kutoka noti uliyokwisha kuirekebisha, si ile ya zamani. F# hadi G ni 1, sawa. G–A ni 2, A–B ni 2, B–C ni 1, C–D ni 2, D–E ni 2.
4. Cheza polepole na uimbe l t d r m f s l juu yake. Sikio likikataa mahali fulani, pima tena hapo.

D maina kwa njia ileile: D–E 2, E–F 1, F–G 2, G–A 2, kisha A–B ni 2 ilhali tunataka 1, kwa hiyo B inakuwa Bb. Bb–C 2, C–D 2. A maina haina shapu wala flati: A B C D E F G A, vyeupe vitupu.

Kwa nini herufi zisirukwe? Kwa sababu ukiandika A# badala ya Bb katika D maina utakuwa na A mbili na B hakuna. Kinanda hakitajali, lakini msomaji wa noti atajikwaa, na msahihishaji wa mtihani atakata alama.

Noti ya tatu ndiyo inayotofautisha maina na meja sikioni. Kutoka msingi hadi ya tatu ni nusu toni 3 katika maina, 4 katika meja. Cheza A–C–E, kisha A–C#–E, mara nyingi, ukiwa umefumba macho. Watu husema maina ni ya huzuni. Ni kanuni ya kuanzia tu. Tempo, ngoma na maneno ya wimbo vina nguvu zaidi, na nyimbo nyingi za kuchangamsha kanisani zimekaa juu ya l bila mtu kulia.

Kii ndugu, na namna ya kujua umo katika ipi

Kila meja ina maina inayotumia noti zilezile. Ipate kwa kushuka nusu toni 3 kutoka msingi wa meja: C meja na A maina, G na E, D na B, F na D, Bb na G, Eb na C. Ukitoka maina kwenda meja, panda 3. Kwa solfa hakuna hesabu ya kufanya: maina iko kwenye l ya meja yake.

Ndiyo maana karatasi ya kwaya iliyoandikwa "Do ni G" inaweza kuwa ya E maina. Angalia besi wanamalizia wapi. Wakimalizia d, ni G meja; wakimalizia l, ni E maina. Ishara ya pili ni se (s iliyopandishwa nusu toni) inayojitokeza mara kwa mara, hasa karibu na mwisho wa mstari. Usiamini noti ya kwanza ya wimbo. Nyimbo nyingi huanzia m.

Usichanganye ndugu hawa na zile zenye jina moja. C meja na A maina zina noti sawa na misingi tofauti. C meja na C maina zina msingi mmoja, na noti tatu zimeshuka: Eb, Ab, Bb. Mpiga gitaa akikwambia "twende maina" katikati ya mazoezi, muulize ipi kabla hamjaanza kugombana.

Se: mahali penye matatizo yote

Chukua A maina asilia na upige kordi ya E kwa noti zake zenyewe: E G B. Kisha rudi A C E. Inarudi, lakini bila msukumo. Sasa pandisha G iwe G#, upige E G# B, kisha A C E. Safari hii sikio linavutwa hadi nyumbani, kwa sababu G# iko nusu toni moja tu chini ya A, kama vile t inavyoivuta d katika meja. G# hiyo kwa solfa ni se.

Mwenye gitaa anaweza kulisikia jambo hili kwa kidole kimoja. Shika kordi ya E ya kawaida, uzi wa 6 hadi wa 1: 0 2 2 1 0 0. Kidole cha shahada kiko uzi wa 3, freti ya 1, na hiyo ndiyo G#. Kiinue: 0 2 2 0 0 0, umepata E maina yenye G. Kirudishe, kisha nenda A maina (uzi wa 6 usipigwe, kisha 0 2 2 1 0). Umbo ni lilelile la E lililosogezwa uzi mmoja. Badilisha hivyo hadi usikie tofauti kabla hata hujaipiga.

Skeli yenye noti ya saba iliyopandishwa huitwa maina ya hamoni, kwa sababu imezaliwa na kordi. Mpangilio wake ni 2 1 2 2 1 3 1. A maina: A B C D E F G# A. E maina inapata D#, D maina inapata C#.

Tazama ile 3. Kati ya F na G# kumefunguka pengo la nusu toni tatu, na hapo ndipo kwaya huanguka. Waimbaji hufanya moja kati ya mambo mawili: wanaimba s badala ya se kwa mazoea, au wanaivuta f juu ili kupunguza pengo na wimbo wote unapoteza tuni. Tiba ni kuimba noti hizo kutoka pande zake mbili kabla ya kuziunganisha:

- l – se – l, mara 8, polepole, se ikiwa karibu sana na l.
- m – f – m, mara 8, f ikiwa chini, imeegemea m.
- m – l – se – l, kisha m – f – m tena.
- Mwisho kabisa: m – f – se – l.

Mwalimu wa kwaya asikimbilie mstari wa nne. Kama se bado inayumba, kosa halipo kwenye kuruka; wanaimba bila kuisikia l kichwani. Weka alto washikilie l huku soprano wakifanya zoezi.

Watunzi waliondoa ugumu huo kwa kuipandisha noti ya sita pia melodi inapopanda. Hiyo ni maina ya melodi: 2 1 2 2 2 2 1, yaani A B C D E F# G# A. Kwa solfa ya John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeieneza solfa hii tunayoitumia, sita iliyopandishwa katika maina huandikwa ba: l t d r m ba se l. Inaposhuka, inarudi asilia: l s f m r d t l, kwa kuwa ukiwa unaondoka nyumbani huhitaji tena kuvutwa kwenda huko. Wengi hupanda vizuri na kusahau kurudisha zote mbili. Wanashuka na G lakini wanabaki na F#. Shuka ukitaja majina kwa sauti.

Kwa kazi ya kawaida ya kanisani au bendi, tumia hamoni ukiwaza kordi, tumia melodi ukiandika mstari wa sauti unaopita sita na saba, na asilia uwe nayo kama msingi wa zote.

Vidole

Vidole vya kinanda huhesabiwa kutoka gumba, 1, hadi kidole kidogo, 5. Kwa A, E na D maina, oktavu moja, vidole havibadiliki:

Mkono wa kulia ukipanda: 1 2 3 1 2 3 4 5.
Mkono wa kushoto ukipanda: 5 4 3 2 1 3 2 1.

Kulia, gumba linapita chini ya kidole cha 3 kwenda noti ya nne. Lianze kusogea mara tu kidole cha 2 kinapobonyeza. Likisubiri hadi mwisho, kiwiko kinaruka nje na noti ya nne inalia kwa kishindo. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mipigo) kwenye 60, yaani mipigo 60 kwa dakika, noti moja kwa mpigo. Mkono mmoja mmoja hadi upite mara 3 mfululizo bila kosa, ndipo uunganishe.

Kwenye gitaa, A maina ya hamoni: uzi wa 5 freti 0, 2, 3, uzi wa 4 freti 0, 2, 3, uzi wa 3 freti 1, 2. Ukitaka asilia, uzi wa 3 piga 0 badala ya 1.

Kordi tatu za kutosha wimbo mzima

Katika A maina: A maina (A C E), D maina (D F A), E meja (E G# B). Katika E maina: E maina, A maina, B meja. Katika D maina: D maina, G maina, A meja. Kordi ya tano (iliyojengwa juu ya noti ya tano ya skeli, hapa ile ya mwisho katika kila orodha) ni meja kwa sababu ya se. Mpiga kinanda anayepiga tano kama maina wakati soprano wanaimba se atatoa mgongano wa nusu toni ambao hata asiyejua nadharia atakunja uso.

Wanaotumia midundo ya kinanda kwa kidole kimoja wajue kuwa alama ya maina hutofautiana. Kwenye Yamaha, bonyeza msingi pamoja na kibonye cheusi kilicho karibu kushoto kwake. Kwenye Casio, bonyeza msingi pamoja na kibonye kingine kimoja kulia kwake. Aliyezoea kimoja akialikwa penye kingine huaibika mbele ya watu, kwa hiyo ni heri ujifunze kushika noti zote tatu.

Kisha kuna kitufe cha transpozi, kinachohamisha sauti zote za kinanda juu au chini kwa nusu toni. Hatukikatazi, lakini kinaficha mambo. Ukiwa umekiweka +2 na vidole viko A maina, spika zinatoa B maina. Mwenye gitaa akiuliza kii nawe ukajibu "A", mtapishana toni nzima. Kwenye vinanda vingi vya Yamaha, kubonyeza + na − kwa pamoja hurudisha sifuri. Fanya hivyo kila unapokikuta kinanda ambacho mwingine ametoka kukipiga.

Kuandika kwenye mistari mitano

Maina hutumia alama za kii za meja ndugu yake: E maina ina F# mwanzoni, D maina ina Bb, A maina haina kitu. Noti ya saba iliyopandishwa haiwekwi mwanzoni kamwe. Inaandikwa kando ya noti yenyewe kila inapohitajika, na nguvu yake inaisha kwenye mstari wa kipimo. Kipimo kinachofuata, iandike tena. Katika kii zenye flati, kupandisha kunaweza kumaanisha naturali: G maina ya hamoni inahitaji F#, lakini C maina inahitaji B naturali, kwa kuwa Bb imo katika alama zake.

Nyimbo zetu haziko zote humu

Nyimbo nyingi za asili za magharibi ya Kenya hujengwa juu ya noti tano. Ukiimba l d r m s l una pentatoni ya maina: haina f wala t, kwa hiyo haina nusu toni hata moja, na haina se. Kulazimisha kordi ya E meja chini ya wimbo wa namna hiyo kunauharibu. Jaribu A maina na G, au acha sauti moja ishikilie l. Nyatiti ya Waluo, yenye nyuzi 8, hupigwa tuni kulingana na sauti ya mwimbaji wala si A ya 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Ukiileta pamoja na kinanda, ama ikazwe kufuata kinanda, ama kinanda kinyamaze. Orutu, yenye uzi mmoja bila freti, ni rahisi zaidi kwa sababu mpigaji anarekebisha kwa kidole.

Kuipa kwaya sauti ya kuanzia

Uma wa tuni wa A 440 unatosha kwa maina zote tulizozitaja na zaidi. Gonga, sikiliza A, kisha ipe jina la solfa kulingana na kii. Kwa A maina, hiyo ni l. Kwa E maina ni r. Shuka r d t l. Kwa D maina ni m. Shuka m r d t l. Kwa G maina ni t. Shuka hatua moja. Kwa B maina ni s. Panda toni moja. C maina ndiyo yenye taabu, maana A haimo: chukua A kama d, panda d r ma (ma ni m iliyoshushwa nusu toni), yaani nusu toni 3, na hapo ulipofika ndipo l mpya. Wape besi l, tena m, alto d, soprano l ya juu, washikilie kwa mipigo minne, na usiinue mkono hadi d ya alto itulie, kwa sababu ndiyo noti ya tatu na ikipanda kidogo tu kwaya nzima itaanza katika meja.